Kutoka Ubavuni hadi Chini ya Sakafu: Historia ya Ekzosi za Magari ya Michezo

Ekzosi ya ubavuni ni mfumo wa kutolea moshi ambao mabomba yake hayapiti chini ya sakafu hadi nyuma ya gari. Hutokeza nyuma ya magurudumu ya mbele, yakalala kando ya bodi chini ya milango, na kumaliza safari yake kabla ya kufika magurudumu ya nyuma. Katika magari ya michezo mfumo huu ulizaliwa na mahitaji ya mashindano, ukageuka pambo la barabarani, kisha ukabanwa na sheria, kelele na joto. Kazi ya kuuondoa na kuyarudisha mabomba chini ya gari, inayofanywa leo hasa kwenye magari ya Marekani ya miaka ya 1960, ni sehemu ya historia hiyo. Anayeifanya hukutana, kipande kwa kipande, na sababu zilizoyapeleka mabomba ubavuni na zile zilizoyaondoa.

Mabomba ya nje kabla ya Vita Kuu ya Pili

Magari ya mwanzo ya mashindano hayakuwa na shida ya mahali pa kupitisha moshi. Injini ilikaa mbele, silinda zake zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja, na matundu ya kutolea moshi yalikuwa upande mmoja. Njia fupi kuliko zote ilikuwa kutoka moja kwa moja kupitia ubavu wa boneti. Katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1907, mabomba ya wazi yalipigia kelele vijiji vya jirani hadi wakazi wakaenda mahakamani. Katikati ya miaka ya 1920 ikawa lazima kwa magari ya uwanja huo kufungwa sailensa kubwa. Mapema kabisa, basi, mahali pa bomba na ukubwa wa sailensa vilikuwa jambo la majirani pamoja na la wahandisi.

Mabomba ya nje yalipata heshima yake barabarani kupitia magari yenye supachaja. Mercedes-Benz SSK ya mwaka 1928, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Ferdinand Porsche, ilikuwa na mabomba manene ya chuma yanayopindika, yaliyotokeza upande wa kulia wa boneti na kushuka chini. Nchini Marekani, Duesenberg SJ ya mwaka 1932 na Cord 812 yenye supachaja ya mwaka 1937 zilifuata mtindo huo kwa mabomba yaliyopakwa kromu. Mtazamaji alipoyaona alijua kwamba ndani kuna supachaja. Muda si mrefu wenye Duesenberg zisizo na supachaja wakaanza nao kutaka mabomba hayo kwa ajili ya sura tu. Hapo alama ilitengana na sababu yake kwa mara ya kwanza, na haikuwa mara ya mwisho.

Hesabu za mhandisi

Baada ya vita ekzosi ya ubavuni ilirudi kwenye mashindano kwa sababu tatu za kiufundi.

Ya kwanza ni urefu. Moshi ukisukumwa kwenye bomba refu lenye kona nyingi na sailensa iliyobana, msukumo hurudi hadi kwenye silinda, na injini hutumia sehemu ya nguvu yake kuutoa moshi huo. Bomba fupi lililonyooka hupunguza hasara hiyo.

Ya pili ni kimo. Gari la michezo hutakiwa kukaa karibu na ardhi ili uzito wake uwe chini na lisiyumbe kwenye kona. Kila bomba linalopita chini ya sakafu huhitaji nafasi yake, na hilo lenyewe huwa kitu cha kwanza kugonga jiwe au tuta. Likihamishiwa ubavuni, sakafu yote inaweza kushushwa.

Ya tatu ni uzito na wepesi wa matengenezo. Mfumo mfupi una vyuma vichache, na fundi huweza kuufungua bila kuingia chini ya gari.

Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 ilitumia faida hizo zote. Injini yake ya lita 3 yenye silinda nane kwa mstari ilitoa moshi kupitia midomo miwili upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la mbele. Kwa gari hilo Stirling Moss, akiongozwa na Denis Jenkinson, alishinda Mille Miglia ya mwaka huo, akizunguka takriban kilomita 1,600 za barabara za Italia kwa wastani unaokaribia kilomita 158 kwa saa. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut alitengeneza magari mawili ya aina hiyo yenye paa, na moja akalitumia kwenye barabara za kawaida. Ili lisivunje amani ya miji, lilifungwa sailensa kubwa ubavuni, nje kabisa ya bodi. Bomba fupi lilikuwa limeokoa nafasi chini ya gari, lakini sailensa ya barabarani ilihitaji nafasi ambayo gari halikuwa nayo. Tatizo hilo lingewakuta wote waliojaribu kuileta ekzosi ya ubavuni kwa mteja wa kawaida.

Hasara za kiufundi nazo zilikuwepo. Kwenye injini ya V8 ya Marekani, silinda nne za kila upande hazilipuki kwa nafasi sawa, kwani mara mbili katika kila mzunguko wa ulipuaji silinda mbili za upande mmoja hufuatana. Mabomba ya pande mbili yasipokutana popote, kila upande hutoa mapigo yasiyo na mpangilio. Ndiyo asili ya ngurumo nzito yenye kukatikakatika ambayo wapenzi wa magari hayo huitafuta. Mfumo unaopita chini ya gari huruhusu bomba dogo la kuunganisha pande mbili, na msukumo husawazika. Ford GT40 ilifika mbali zaidi kwa kukutanisha mabomba ya pande zote mbili juu ya injini iliyokaa nyuma ya dereva. Injini za mashindano zilipohamia nyuma, njia fupi ya moshi ikawa ni kuelekea nyuma, na hoja kuu ya bomba la ubavuni ikafifia uwanjani wakati ambapo barabarani ndipo lilipoanza kupendwa.

Marekani katika miaka ya 1960

Carroll Shelby, dereva wa mashindano kutoka Texas, alianza mwaka 1962 kufunga injini za V8 za Ford kwenye bodi nyepesi za kampuni ya AC ya Uingereza. Gari hilo, Cobra, lilipata mwaka 1965 chesisi mpya iliyoweza kubeba injini ya inchi za ujazo 427, yaani takriban lita 7. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano yalikuwa na mabomba makubwa ya ubavuni. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, lilidai magari 100 yawe tayari ili aina hiyo ikubaliwe. Wakaguzi walipofika, yaliyokamilika yalikuwa karibu nusu tu. Baadhi ya magari ya mashindano yaliyobaki yaliuzwa kwa matumizi ya barabarani kwa jina la S/C, mabomba yake yakiwa ubavuni vilevile.

Magari hayo machache ndiyo yaliyoshika fikra za watu. Mengi ya Cobra 427 yaliyouzwa kwa barabara yalikuwa na ekzosi iliyopita chini ya gari, lakini maelfu ya nakala zilizotengenezwa baadaye na kampuni mbalimbali karibu zote ziliiga zile za ubavuni. Ndiyo maana kuhamishia ekzosi ya nakala ya Cobra chini ya gari, ingawa kunaonekana kama kuondoa kitu cha asili, mara nyingi kunaisogeza karibu zaidi na magari mengi yaliyotoka kiwandani.

Chevrolet ilifuata njia nyingine. Chini ya Bill Mitchell, mkuu wa ubunifu wa General Motors, Larry Shinoda alichora gari la maonyesho la Mako Shark la mwaka 1961 likiwa na mabomba ya ubavuni. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, aliyaweka kwenye Grand Sport za mwaka 1963, magari matano tu ya mashindano yaliyotengenezwa kabla uongozi wa kampuni haujasimamisha mradi. Mwaka 1965 mteja yeyote aliyenunua Corvette Sting Ray aliweza kuagiza ekzosi ya ubavuni kutoka kiwandani kwa kuongeza dola 134.50, chini ya namba ya oda N14. Mwaka huohuo Corvette ilipata injini ya inchi 396 yenye nguvu za farasi 425 na breki za diski kwenye magurudumu yote manne.

Takwimu za kiwanda zinaonyesha jinsi upendo huo ulivyokua. Mwaka 1965 magari 759 kati ya 23,562 yalipata N14. Mwaka 1966 yalikuwa 3,617 kati ya 27,720, na mwaka 1967 yakafika 4,209 kati ya 22,940, zaidi ya gari moja katika kila sita. Bodi mpya ya mwaka 1968 haikuwa nayo. Iliporudi mwaka 1969 ilinunuliwa na wateja 4,355, kisha ikaondolewa kwenye orodha.

Shelby mwenyewe alibadili mawazo mapema zaidi. Mustang GT350 ya mwaka 1965 ilitoa moshi ubavuni, mbele ya magurudumu ya nyuma. Baadhi ya majimbo hayakuruhusu mpangilio huo, na wateja wengi walitaka gari tulivu kuliko lile la uwanjani. Katika modeli ya mwaka 1966 ekzosi ikapelekwa nyuma ya gari.

Sheria, masega na joto

Katika miaka ya 1970 mambo matatu yaliirudisha ekzosi chini ya sakafu karibu kila mahali.

Kwanza zilikuja sheria za kelele. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha desibeli 82 kwa magari ya abiria, na kikomo hicho kikashushwa hatua kwa hatua hadi desibeli 74 katikati ya miaka ya 1990. Marekani ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Kelele mwaka 1972. Sailensa za kutosheleza masharti hayo ni kubwa, na mahali pake pa kawaida ni nyuma, mbali na masikio ya dereva. Kanuni za Ujerumani ziliingia hata katika mwelekeo wa mdomo wa bomba, ambao unaweza kuelekea juu, nyuma, nyuma chini, au nyuma kushoto kwa pembe isiyozidi nyuzi 45. Katika nchi ambako magari huendeshwa upande wa kulia, upande wa kulia wa gari ndio ulio karibu na watembea kwa miguu, na moshi haukutakiwa kuwapulizia.

Pili ni masega, yaani katalisti za kusafisha moshi, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1975. Kwenye Corvette ya mwaka huo mabomba mawili ya injini yalikutana kuwa moja, yakapita kwenye katalisti moja chini ya sakafu, kisha yakagawanyika tena kwenda kwenye sailensa mbili. Mpangilio huo hauwezekani kwa mabomba yaliyotengana kando mbili za gari.

Tatu ni joto. Bomba la ubavuni hupita mahali hasa ambapo mguu wa anayeshuka hugusa. Vifuniko vya alumini vya Corvette vilipunguza hatari bila kuiondoa, na kuungua shavu la mguu kukawa sehemu ya sifa za magari hayo. Kwenye gari lisilo na paa, moshi unaotokea karibu na mlango huweza pia kurudi ndani, ukiwa na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu.

Dodge Viper ilipitia historia hiyo yote tena katika muda mfupi. Gari la maonyesho lililoonekana Detroit mwaka 1989, ambalo Shelby alikuwa miongoni mwa washauri wake, lilikusudiwa kuwa mrithi wa Cobra. Viper RT/10 ya mwaka 1992 ilikuwa na injini ya V10 ya lita 8 yenye nguvu za farasi 400 na mabomba ya ubavuni, katalisti zikiwa ndani ya vizingiti vya milango. Vizingiti vilipata moto mkali. Kwa kuwa kila upande ulikuwa na silinda tano zilizotoa moshi peke yake, wengi walilalamika kwamba sauti ilifanana na ya lori. Katika modeli ya mwaka 1996 kiwanda kiliipeleka midomo ya ekzosi nyuma, katikati ya bampa, na nguvu ya RT/10 ikapanda hadi 415. Hapo hoja ya zamani iligeuka, kwani mfumo mrefu uliopangwa vizuri ulipitisha moshi kwa urahisi kuliko mfupi uliobanwa ndani ya vizingiti. Hata hivyo Viper ya mwaka 2003 ilirudishiwa mabomba ya ubavuni na kubaki nayo hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 2017. Wateja walikuwa wamekwisha kuyachukua kuwa sura ya gari lenyewe.

Kazi ya kuhamisha

Mfano mzuri wa kazi hii ni Corvette Sting Ray ya miaka ya 1965 hadi 1967, kwa kuwa kiwanda kilitengeneza gari hilo kwa mifumo yote miwili na tofauti zake zinajulikana.

Fundi huanza kwa kutambua aina ya ekzosi iliyopo. N14 ya kiwanda ilitumia manifoldi za chuma cha kusubu za kawaida. Kilichobadilika ni bomba la mbele, lililopindwa kwenda nje nyuma ya gurudumu, na bomba refu la ubavuni ambalo kelele yake ilipunguzwa na vyumba vidogo vilivyobonyezwa ndani. Katika hali hii manifoldi hubaki. Magari mengi, hata hivyo, yalifungwa mabomba ya ubavuni yaliyonunuliwa dukani baadaye, ambamo mabomba manne hutoka kila upande wa injini na kuungana chini ya madigadi. Hapo kila kitu kuanzia kwenye injini hubadilishwa, na manifoldi pamoja na gasketi za aina sahihi hutafutwa.

Hatua ya pili ni njia yenyewe. Katika Sting Ray mabomba mawili hushuka kutoka kwenye manifoldi, hufuata pande mbili za giaboksi na kupita kwenye matundu ya boriti iliyokingama chini yake. Kutoka hapo huendelea nyuma kando ya propela shafti, hupita eneo la difu na shafti za magurudumu, na kuishia kwenye sailensa mbili zilizoning'inia pande mbili za tairi la akiba. Nafasi ni finyu kila mahali. Kwa hiyo mabomba hufungwa kwanza kwa klempu zilizolegea, mfumo mzima ukalinganishwa kutoka mbele hadi nyuma, ndipo nati zikakazwa. Vishikio huwa na mpira au kitu laini, kwa sababu injini hutikisika na bomba lililokazwa moja kwa moja kwenye chesisi hupasuka kwenye maungio au kupitisha mtikisiko ndani ya gari.

Hatua ya tatu ni kinga. Mabomba yakihamia chini, joto nalo huhamia huko. Mabomba ya breki, nyaya na mabomba ya mafuta yaliyowekwa bila kufikiria ekzosi huhitaji umbali wa kutosha au bati la kuzuia joto. Sakafu ya Corvette ni ya faibaglasi, ambayo huharibika kwa joto ambalo chuma kingelivumilia. Uangalifu katika hatua hii ndio unaotenganisha kazi ya kudumu na ile inayonuka gundi iliyoungua baada ya safari ya kwanza ndefu.

Hatua ya nne ni bodi. Vifuniko vya alumini vikiondolewa, vizingiti hubaki wazi na huhitaji vifuniko vya mfumo wa kawaida. Mahali bodi ilipokatwa nyuma ya gurudumu la mbele ili kupitisha bomba hujengwa upya kwa faibaglasi na resini, kisha hupigwa msasa na rangi. Upande wa nyuma hali ni kinyume. Gari la N14 halikuwa na matundu ya midomo ya ekzosi, hivyo paneli ya chini hukatwa au hubadilishwa na yenye matundu na pete zake za kromu. Kwa kawaida rangi na faibaglasi humchukulia fundi muda mwingi kuliko mabomba.

Uhalisi na soko

Tangu miaka ya 1970 sababu mpya ya kuhamisha ekzosi imeongezeka juu ya kelele na joto, nayo ni thamani ya uhalisi. Chama cha warejeshaji wa Corvette cha Marekani, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, hupima magari kwa kuyalinganisha na yalivyotoka kiwandani. Gari lililoagizwa na ekzosi ya chini, likaongezewa mabomba ya ubavuni baadaye, hupoteza alama. Lililotoka na N14 likahamishwa chini nalo hupoteza.

Ushahidi hupatikana katika karatasi na katika vyuma. Modeli za mwaka 1967 hujulikana kwa karatasi ya oda iliyobandikwa kiwandani juu ya tangi la mafuta, yenye orodha ya vifaa vyote vilivyoagizwa. Tangi hilo likishushwa na karatasi ikawa bado inasomeka, mjadala huisha. Pasipo karatasi, mrejeshaji huangalia alama za ukataji wa bodi, umbo la paneli ya nyuma na vizingiti. Kwa kuwa N14 huongeza bei ya gari, zipo Sting Ray nyingi zilizofungwa mabomba ya ubavuni ya kuiga, na kuzirudishia mfumo wa chini ndiko kuzirejesha katika asili.

Kwa sababu hiyo wanaohamisha ekzosi kwa ajili ya starehe hushauriwa kutokata kisichoweza kuunganishwa tena. Mabomba, vifuniko na vizingiti vya kiwanda huwekwa ghalani na kuorodheshwa. Paneli ya nyuma isiyo na matundu hufunguliwa nzima na nyingine yenye matundu hufungwa mahali pake. Kazi ikifanywa hivyo, mmiliki hupata gari linaloweza kuendeshwa safari ndefu bila kuziba masikio wala kuunguza miguu, na mmiliki atakayefuata hubaki na uwezo wa kuyarudisha mabomba ubavuni.